Draiva ya mizani isiguse desimali ndani ya kerneli

Mleta mada, Mbeya:
Wakuu, kuna hoja inazunguka kwa vijana wanaoandika draiva (programu zinazounganisha kifaa na kompyuta) za mizani ya majani ya chai huku Rungwe: prosesa za leo zina nguvu, basi kilo zikokotolewe kwa namba za nukta elea (namna kompyuta inavyoshika desimali) humohumo ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo kinachosimamia vifaa. Napinga.

Programu ikiita kerneli, kinachohifadhiwa ni rejista za kawaida tu, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa. Kwa x86 ya biti 64 (prosesa za Intel na AMD) ziko 16, baiti 8 kila moja: jumla baiti 128. Zile za nukta elea huachwa zilivyo, bado zimebeba hesabu za programu iliyokuwa inaendelea. Kwenye prosesa zenye AVX-512, rejista pana za hesabu, ni 32 za baiti 64, yaani baiti 2,048. Nani atalipia kuzihamisha kila mara? Na draiva ikizigusa bila kuzihifadhi, inaharibu hesabu ya programu nyingine kabisa, kimyakimya. Mhasibu wa AMCOS (ushirika wa wakulima) anakuta jumla haieleweki, mkulima anapunjwa, na hakuna atakayeishuku draiva. Hilo linaniuma.

Isitoshe, chipu ya HX711, iliyomo kwenye mizani nyingi za bei nafuu, hutoa namba kamili ya biti 24. Desimali haipo bado! Draiva ipeleke namba hiyo juu, programu ya kawaida igeuze kuwa kilo.

Mchangiaji, Iringa:
Mkuu, usifunge mlango. Linux yenyewe ina miito ya kernel_fpu_begin na kernel_fpu_end, ya kufungua na kufunga matumizi ya nukta elea ndani ya kerneli, na draiva ya AMD ya skrini inafanya hesabu za nukta elea. Halafu kukwepa nukta elea si kinga. Dhahran, Saudi Arabia, 1991, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora haukutumia nukta elea kwenye muda, lakini baada ya saa 100 ulikuwa umepotoka sekunde 0.34. Kombora la Scud la Iraq likapita, askari 28 wa Marekani wakafa.

Mleta mada:
Dhahran inanisaidia mimi. Saa ilihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa namba kamili, haikukosea. Kosa liliingia zilipozidishwa kwa 0.1 iliyokatwa kwenye biti 24, maana 0.1 haiandikiki kikamilifu kwa binari.

Kuhusu AMD, sawa, hesabu za skrini ni nzito. Ila kati ya miito hiyo miwili draiva hairuhusiwi kulala wala kuachia prosesa kazi nyingine. Anayeona mizani ya chai inahitaji hayo, aweke hapa hesabu yenyewe tuipitie.