Nimezima porti ya USB kwenye Linux lakini taa ya modemu bado inawaka, nakosea wapi?

WayaMbovu
Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ndogo ya Linux haina skrini, iko juu ya kabati, na modemu yake ya USB inaganda kila baada ya siku mbili tatu, dawa ni moja tu uchomoe uchomeke, sasa kupanda kigoda usiku wa manane nimechoka. Nikasema nizime porti kwa komandi. Nimeandika `auto` (ruhusa ya kifaa kulala) kwenye `/sys/bus/usb/devices/1-1.2/power/control`, nikasoma `runtime_status` ikanijibu `suspended` (imelala), nikafurahi kweli. Kwenda kuangalia, taa ya bluu inanikodolea macho. Nikajaribu na `unbind`, kerneli (kiini cha Linux) ikaiachia modemu ila taa ndo kwanza inawaka. Msaada tafadhali.

fundi_kerneli
Mkuu hapo umeilaza ukidhani umeizima. Ikilala, kerneli inanyamaza kwenye waya na kifaa chenyewe ndo kinatakiwa kijibane kisivute zaidi ya miliampia 2.5 (vingi vinapuuza, hiyo taa yako ni ushahidi), lakini volti 5 zipo palepale. Unbind inatoa draiva tu, yaani programu inayoendesha kifaa. Kukata umeme kunataka habu (kigawanyio cha porti za USB) yenye swichi kwa kila porti. Piga `sudo lsusb -v` inayoorodhesha vifaa vya USB, tafuta maelezo ya habu, ukikuta "Per-port power switching" una bahati. Ukikuta "Ganged" ujue swichi ni moja ya porti zote, huwezi kuzima moja peke yake.

bintiSoketi
Na msiyaamini sana hayo maandishi jamani. Nina habu inajisifu per-port, nikizima porti kompyuta inaona kifaa kimeondoka kabisa, huku simu inaendelea kuchaji! Chipu inajua kuzima ila mtengenezaji alibana matumizi, swichi yenyewe hakuiweka kwenye bodi. Pima kwa taa, usipime kwa `lsusb`.

fundi_kerneli
😂 kweli kabisa dada. Ukipata habu ya kweli tumia uhubctl, programu ya kuzima na kuwasha porti za habu: `uhubctl -l 1-1 -p 2 -a cycle`. Kuanzia kerneli 6.0 kuna pia faili la `disable` kwenye kila porti, mfano `/sys/bus/usb/devices/1-1:1.0/1-1-port2/disable`, andika 1 kuzima, 0 kuwasha. Habu ya USB 3 inaonekana kama habu mbili, usipozima pande zote mbili umeme haukatiki.

mlalaHoi_root
Samahani naingilia, huko kuganda kumeanza lini? Hujaendesha programu za kubana umeme, `powertop --auto-tune` au TLP? Kerneli yenyewe karibu vifaa vyote visivyo habu inaviacha macho, hizo programu ndo zinavilaza, na chaguo-msingi ni sekunde 2 tu za kukaa kimya. Modemu nyingine zikilala haziamki vizuri.

WayaMbovu
Duh, TLP ipo, niliiweka mwenyewe nikasahau 🤦 Nimeitoa modemu kwa `USB_DENYLIST` (orodha ya vifaa ambavyo TLP isivilaze), na ile `auto` niliyoandika kwa mkono nimerudisha `on`. Habu ya ndani ni ganged, nimechomeka nyingine ya zamani iliyokuwa kwenye droo, nikapiga uhubctl… taa IMEZIMIKA. Sijapanda kigoda. Leo siku ya nne haijaganda, ila skripti ya kuizima na kuiwasha naiacha kwenye cron (ratiba ya Linux ya kuendesha komandi yenyewe) hivyohivyo, siiamini hii modemu.

fundi_kerneli
Iache. Kati ya kuzima na kuwasha weka sekunde kama 5, kapasita zinashikilia chaji kidogo.