Niko Chennai na mgonjwa, nusu siku inatosha kwenda hekalu la Mahabalipuram?

BintiPangani: Wakuu salaam. Niko India na mama, kafanyiwa oparesheni anaendelea vizuri namshukuru Mungu, sasa Alhamisi mdogo wangu ndo atabaki naye wodini kaniambia dada toka nje upate hewa. Natamani lile hekalu la zamani la ufukweni, ila saa nane mchana lazima niwe nimerudi. Itawezekana?

Mzee_Kizibo: Inawezekana kabisa dada. Ni kama kilomita 60 kusini, barabara inafuata bahari, saa moja na nusu mpaka mbili kutegemea foleni. Toka saa kumi na moja alfajiri, geti wanafungua saa kumi na mbili. Basi lipo na ni rahisi ila kwa muda wako chukua teksi ya kwenda na kurudi, patana bei kabla hujapanda, na mwambie mapema hutaki kupitishwa madukani, mimi dereva alinipotezea lisaa zima kwenye duka la vinyago. Tiketi ya mgeni rupia 600 usiitupe, ndo hiyohiyo ya kuingilia Ratha tano, zile nyumba zilizochongwa kila moja kwenye jiwe moja.

MamaNuru: Pole na kuuguza mwaya. Mimi nilienda mume wangu alipokuwa anatibiwa huko. Hekalu ni la karne ya 8, la wafalme wa Pallava, mawe matupu ya matale, na pale juu ya ukuta kuna ng'ombe wamechongwa wamelala mstari mzima, chumvi imewala mpaka nyuso zimefutika, niliwaangalia sana wale. Afu kuna mivinje imepandwa kuzuia upepo wa bahari, ule mvumo wake nikajiona niko nyumbani, nilikaa chini nikalia kidogo nikapata nguvu ya kurudi hospitali. Usiogelee, mkondo una nguvu.

kijana_wa_ECR: Muda ukibana acha Ratha, chukua bajaji nenda kwenye ule mwamba wa tembo, uko katikati ya mji, wale tembo wamechongwa wakubwa kama wa kweli na ni bure. Maji na kofia muhimu, mwezi wa tano huu saa nne tu jua linachoma.

BintiPangani: Asanteni sana jamani. Dereva nimeshapatana naye, hekalu kwanza afu tembo, saa tano naanza kurudi. Mama kasikia habari ya mivinje, kasema nimrekodie huo mvumo.