Kwenda Peaks Island kwa kayaki mwezi wa Mei: nijiandae vipi kwa maji baridi?

Mwanaziwa aliuliza:

Ndugu zangu, habari zenu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na tangu utotoni nimeogelea na kupiga kafi katika maji ya vuguvugu. Sasa ninaishi Portland, jimbo la Maine, nchini Marekani, na rafiki yangu amenialika twende kwa kayaki mbili, yaani mitumbwi myembamba ya kupigwa kafi, hadi Peaks Island, kisiwa kilicho karibu na Portland, mwishoni mwa Mei. Siku hizo jua linaweza kupandisha joto la hewa hadi nyuzi 22 za Selsiasi, ilhali maji ya Casco Bay, ghuba tutakayovuka, huwa bado karibu na nyuzi 10. Ninalo jaketi la kuokolea maisha na ninaogelea vizuri. Je, suti maalumu ya maji baridi ni ya lazima kweli, na nifanye mazoezi gani kabla ya safari?

Kafi na Upepo alijibu:

Ndugu Mwanaziwa, suti ni ya lazima, na ustadi wako wa kuogelea haubadilishi jibu hilo. Majira ya kuchipua ndiyo ninayoyaogopa zaidi, kwa sababu watu huvaa kwa kulitazama jua, na bahari bado ina baridi ya miezi iliyopita.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, mtafiti wa athari za baridi mwilini, hufundisha kipimo rahisi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na takriban saa 1 kabla ya baridi kumpotezea mtu fahamu. Muda huo hutofautiana kati ya mtu na mtu, lakini mpangilio wake ni huo huo. Mtu akitumbukia ghafla, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati huo, atavuta maji. Ndiyo maana jaketi huvaliwa na kufungwa barabara tangu ufukoni, wala halifungwi kwa kamba juu ya kayaki.

Hizo dakika 10 ndizo ningependa uzifikirie sana. Damu hupungua mikononi, vidole vinakuwa vizito, na hata bingwa wa kuogelea hushindwa kushika ukingo wa chombo chake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kayaki ikipinduka, je, ninaweza kutoka, kurudi ndani na kuondoa maji kwa pampu ya mkono kabla vidole havijaacha kufanya kazi? Jifunze kwa mkufunzi, kwanza katika bwawa la kuogelea. Jizoeze kuvuta kitanzi cha kifuniko cha kiunoni, kile kinachoziba tundu la kukalia ili maji yasiingie, ukiwa kichwa chini, na kila unapokifunga hakikisha kitanzi kimebaki nje. Kisha wewe na rafiki yako mpokezane: mmoja aivute kayaki iliyopinduka juu ya kayaki yake ili maji yamwagike, aigeuze na kuishikilia, mwenzake apande, hadi mfanye hivyo bila kuelekezana.

Kuhusu suti, iliyo bora kwa maji hayo ni suti kavu, yenye mpira unaobana shingoni na mikononi ili maji yasiingie. Suti hiyo yenyewe haileti joto. Joto hutunzwa na nguo za sufu au flisi (kitambaa laini cha nyuzi za sintetiki) zinazovaliwa ndani yake, kamwe si pamba. Funga zipu yote, chuchumaa, na ufungue kidogo mpira wa shingo ili hewa iliyobaki itoke. Suti ya neoprini, yaani ya mpira laini unaoshika mwili, ni nafuu zaidi, lakini ni lazima ikubane sawasawa, na mimi ningeitumia karibu na ufuko tu. Maduka kadhaa hukodisha zote mbili. Kabla ya kuanza safari yoyote, ingia majini hadi shingoni ukiwa umevaa kila kitu, ukae humo kwa dakika 10. Ukitetemeka hapo, mavazi hayatoshi.

Muuguzi wa Zamu alijibu:

Ninaongeza jambo la afya. Mshtuko wa kwanza hupandisha ghafla mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Mwenye maradhi ya moyo au presha amwone daktari kwanza. Mtu aliyepoa sana alazwe, akingwe na upepo, avuliwe nguo mbichi na kufunikwa, kifua kikipashwa joto kabla ya mikono na miguu. Msimsugue, msimpe pombe. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hiyo ni dharura.

Jirani wa Bandari alijibu:

Peaks Island huonekana karibu, ndugu, lakini njiani zinapita feri na mashua za wavuvi wa kambakoche, na ukungu unaweza kushuka ghafla ukaficha kisiwa chote. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni karibu mita 3, na upepo wa kusini wa alasiri ukikutana na maji yanayopwa, mawimbi huwa mafupi na makali. Ondokeni asubuhi, mwe na dira, na redio ya VHF, ile ya mkononi ya mawasiliano ya baharini, ifungwe kwenye jaketi lako, ikiwa tayari kwa chaneli ya 16 inayosikilizwa na walinzi wa pwani. Redio iliyo ndani ya kayaki huenda na kayaki. Mwachieni mtu wa nchi kavu njia yenu na saa ya kurudi.

Mwanaziwa:

Ninawashukuru sana. Je, nikioga maji baridi nyumbani kila siku, mwili hautazoea?

Kafi na Upepo:

Utazoea kwa sehemu. Kuzamishwa kwa dakika chache, mara kadhaa, hupunguza kweli ule mshtuko wa pumzi, ingawa kuoga tu si sawa na kuzama hadi shingoni. Vidole, hata hivyo, vitapoa vilevile, na suti utaihitaji. Anzeni East End Beach, mkiambaa ufuko katika kina cha kusimama, na kisiwa kisubiri hadi kila mmoja wenu aweze kumrudisha mwenzake kwenye kayaki majini, si bwawani.