Naombeni ushauri: mimi na mama tunagombana kuhusu dini, na nina hadi Jumapili

Wa_Pili_Kayole:
Wadau, habari za jioni. Nisomeni hadi mwisho tafadhali, wiki nzima sijalala vizuri.

Mimi si muumini. Hakuna pasta aliyenikosea, imani ilipungua pole pole hadi siku moja nikajikuta sina. Mama ni mtu wa kanisa tangu nikiwa mgongoni. Baba alipoaga dunia nilimtoa nyumbani Machakos, tunaishi naye hapa Kayole. Mwanzoni hatukuwa na shida. Anaombea chakula, nasubiri amalize, tunakula.

Sasa imeharibika. Juzi nilimtajia Shakahola, ule msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri walifunga kula hadi kufa. Akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Kwa hivyo unaniona mimi ni wa kwenda kufa njaa msituni?" Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo ananijibu "ndiyo" na "la" peke yake.

Naomba kujua: mtu asiyeamini anamwelezaje anayeamini madhara ya dini bila yeye kusikia Mungu wake anatukanwa? Waliofaulu walitumia hoja gani? Nina hadi Jumapili.

Mzee_Kaloleni:
Kijana, kabla hujahesabu madhara hesabu na mema. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipigwa na polisi pale Uhuru Park, Nairobi, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Walikimbilia wapi? Kanisa la All Saints. Walilala chini ya kanisa lile miezi na miezi wakidai wana wao. Mimi nilikuwa nauza magazeti mjini, nikawapelekea mkate mara mbili. Mmoja alinishika mkono akaniombea, na mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la maji. Julai 1997 polisi wakaingia ndani ya kanisa hilohilo wakapiga watu. Usiniambie dini ni hasara tupu. Muombe mama msamaha.

Huru_Umoja:
Mzee, hayo ni kweli na nawaheshimu wale mama. Lakini hayawarudishi watu zaidi ya 400 waliofukuliwa Shakahola kuanzia Aprili 2023, watoto wakiwemo. Na kabla ya kaburi la kwanza kufukuliwa, kila aliyeuliza swali aliambiwa usiguse mtumishi wa Mungu.

Wa Pili, mimi nina swali moja tu: "Kitu gani kikitokea utakubali kwamba pasta amekosea?" Akikosa jibu, umeshinda. Na usijione uko peke yako. Sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 750,000 wasio na dini nchini Kenya, na Katiba kifungu cha 32, cha uhuru wa imani, kinatulinda sawa na waumini.

Kiazi_Karai:
Ukishinda Jumamosi, chapati za Jumapili anapika nani? Mimi nilimshinda mama hoja kitambo, hadi leo githeri nanunua kibandani.

Neema_Tele:
Huru, kifungu hichohicho kinamlinda mama wa watu. Akiomba asumbuliwe? Ninyi mkitaka kutupiga mnashika Shakahola, na sisi tuliwalilia wale watu kuliko ninyi. Hakuna aliyelia kama kanisa.

Nesi_MamaWawili:
Nimesoma mara mbili. Wa Pili, hujasema Jumapili kuna nini, wala hujasema ni nini kilichoharibu maelewano yenu. Mama anaumwa?

Wa_Pili_Kayole:
Sikutaka kuleta mambo ya mama hapa. Ana presha. Kliniki anakwenda tangu nyumbani, yuko kwa amlodipini. Mwezi uliopita kulikuwa na kesha kanisani kwao, wagonjwa wakaitwa mbele, pasta akamwambia amefunguliwa, asibebe tena mzigo ambao Bwana ameutua. Sikujua. Siku moja nilikuwa natafuta sukari nikafungua mkebe wa majani chai. Ndani, chini ya leso iliyokunjwa, vidonge vya wiki mbili, karatasi zake zote nzima, hakuna hata tundu moja lililotobolewa. Nikampima na ile mashine ya mkononi: 182 kwa 110.

Jumapili anatoa ushuhuda kwamba amepona. Ndiyo maana nauliza. Niende nisimame mbele ya watu niseme ukweli, au ninyamaze?

Dada_Pumwani:
Sisi tumefundishwa: mfunge ngamia kwanza, kisha umtegemee Mungu. Shangazi yangu alikuwa na sukari, akaacha dawa akafuata mtu wa kumsomea kombe, yale maji ya aya za Kurani ya kunywa. Sheikh wa msikiti wetu ndiye aliyempandisha teksi kwenda hospitali, akamwambia kombe utalinywa ukirudi, sindano kwanza. Leo anatembea, lakini mguu mmoja umepungua vidole viwili. Kwa hivyo mimi nasema tafuta mtu wa dini yake mwenye akili, usijitafute wewe.

Huru_Umoja:
Simama useme! Uoga wa watoto ndio unaozika wazazi.

Neema_Tele:
Kusimama kanisani kumwaibisha mama yako mzazi? Hata kama huamini, una radhi za mama.

Mpiga_Darubini:
Samahani, mimi naona hii ni hekaya. Akaunti ina siku nne. Na hesabu haikubali: mtu ana 182, hajameza kidonge, halafu anapanda madhabahuni kusema amepona? Kanisa gani linapokea ushuhuda wa presha bila kumuuliza kipimo? Wa Pili, leo mama anasoma ngapi? Umeandika 182 tu, ya zamani. Hapa kuna mtu anataka makanisa yatukanwe, wengine mnamchochea.

Kiazi_Karai:
Hekaya na iwe fupi basi, mimi nangoja mwisho.

Neema_Tele:
Au presha imeshuka kweli, na Wa Pili hataki kukiri kwamba Mungu ametenda.

Nesi_MamaWawili:
Darubini ameuliza swali zuri, ingawa kwa nia mbaya. Presha haiumi. Mtu ana 182 na anafua nguo akiimba, ndiyo maana wanaoambiwa wamepona wanaamini upesi, na ndiyo maana inawaangusha ghafla. Wa Pili, kipimo cha wiki hii ni ngapi?

Wa_Pili_Kayole:
138 kwa 84. Jumatano.

Si hekaya. Nimekuwa nikisaga kidonge kimoja kila asubuhi, naweka kwenye uji wake wa wimbi, naongeza ndimu na sukari. Leo ni siku ya 19. Mashine ilipoonyesha 138 alipiga vigelegele hadi jirani akagonga mlango. Alinikumbatia. Akasema, "Umeona, mwanangu? Sasa utarudi kanisani?" Nikashindwa kufungua mdomo.

Najua mtanikemea. Lakini nilikuwa na njia gani? Nilimbembeleza, nikamfokea. Baba alianguka bafuni kwa presha, mimi ndiye niliyembeba. Sikuwa tayari kumbeba na wa pili. Yuko hai, hilo ndilo ninalojua, na dozi ni ileile ya daktari. Nilifikiri nikipata hoja nzuri ataanza kumeza mwenyewe na hatajua kamwe.

Nesi_MamaWawili:
Sikukemei kwa kumpenda. Nakuuliza haya. Akipelekwa hospitali kwa jambo jingine akaulizwa unatumia dawa gani, atajibu situmii. Watapanga matibabu juu ya jibu hilo. Ukisafiri siku tatu, nani anasaga? Siku akizikumbuka za mkebe akameza mwenyewe kimya kimya, atakuwa amekunywa mara mbili.

Na kubwa zaidi ni Jumapili. Kwenye kanisa lile kuna wangapi wenye presha? Wenye sukari? Wenye dawa za virusi vya UKIMWI? Watamwona mama wanayemjua, ana kipimo mkononi, ana furaha ya kweli. Ukimtazama utaamini, kwa sababu hadanganyi. Watarudi nyumbani waweke vidonge kwenye mikebe, na hawana mtoto wa kuwasagia.

Mpiga_Darubini:
Nafuta neno langu la hekaya. Pole ndugu.

Huru_Umoja:
Nimesoma nikanyamaza kidogo. Wa Pili, mimi ni wa upande wako tangu mwanzo, lakini hapa sikutetei. Kinachonikasirisha kwa wale mapasta ni kumwamulia mtu mzima mambo ya mwili wake huku wakimficha. Umemfanyia mama jambo hilohilo. Mwambie.

Wa_Pili_Kayole:
Yule alimtoa kwenye dawa, mimi nimemrudisha. Si sawa hata kidogo.

Dada_Pumwani:
Si sawa. Lakini ni uji wake.

Wa_Pili_Kayole:
Nikimwambia, atajua furaha yote ile ilikuwa kidonge. Mungu wake nitakuwa nimemnyang'anya mimi, na hilo sikulitaka. Nilitaka anywe dawa tu.

Nesi_MamaWawili:
Hapo ndipo umefika penyewe. Ulikuja hapa kutafuta hoja za Mungu yupo au hayupo, na shida yenu ni kidonge kimoja kwa siku. Ukisema "dawa" yeye anasikia "Mungu wako ni uongo," kwa sababu ulizileta mezani pamoja. Zitenganishe. Mimi ni muumini, nimefanya kazi hospitali ya misheni miaka 14, kila asubuhi tunaomba wodini kisha tunagawa dawa. Hakuna aliyewahi kuniambia nimemkosea Mungu.

Tumia kitabu chake, 2 Wafalme 20. Hezekia aliugua akaomba, Mungu akakubali kumponya, na bado Isaya akaagiza tini iwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa, sura moja. Luka mwenyewe anaitwa tabibu. Usimsomee kama mtego, msomee kwa sababu mama analijua andiko hilo na atalitambua.

Lakini kwanza ukweli kuhusu uji. Leo, si Jumapili asubuhi. Jumatatu nendeni kliniki pamoja, umweleze daktari kila kitu.

Neema_Tele:
Wa Pili, nilikusema vibaya. Mimi hutoa ushuhuda kanisani kwetu. Ningekuwa mama yako, ningependa kuambiwa kabla sijashika maikrofoni. Ningekasirika wiki, labda mwezi. Lakini kuambiwa baadaye na mtu mwingine nisingekusamehe.

Mzee_Kaloleni:
Mwambie ukiwa umekaa chini, kijana. Usisimame mbele yake.

Wa_Pili_Kayole:
Ni saa tatu usiku, Jumamosi. Yuko sebuleni anapiga pasi kitenge cha kesho, kile cha kijani alichoshona kwa harusi ya dada. Nimeutoa mkebe kabatini, nimeuweka mezani, leso bado iko ndani. Ameuona. Hajauliza kuhusu mkebe. Ameuliza kwa nini siku hizi uji una uchungu.

Nimevuta kigoda. Naweka simu chini.