Nimemaliza trilojia ya kwanza ya Robin Hobb: niende kwenye meli au nimfuate Fitz?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Jana usiku nimefunga Assassin's Quest na mpaka sasa sijakaa sawa. (Kama hujaisoma trilojia hiyo, rudi nyuma, maana hapa itabidi tuutaje mwisho wake.) Nimemzoea Fitz kama mtu tuliyekua naye, tangu akiwa mtoto wa miaka sita anayekabidhiwa kwa askari mlangoni kwa sababu babu yake amechoka kumlisha. Nikiambiwa leo niachane naye, naona uzito.

Tatizo ni kwamba huu ulimwengu wa Elderlings una riwaya 16, kuanzia Assassin's Apprentice ya 1995 hadi Assassin's Fate ya 2017, na zimegawanyika katika mifululizo mitano. Mfululizo wa pili ni wa meli, Liveship Traders, na nasikia humo Fitz hasimulii hata ukurasa mmoja. Vitabu vitatu vinene, watu wapya, nchi nyingine. Fitz anarudi baada ya hapo, katika Fool's Errand.

Nimewaza mambo mawili. Nisome vyote kwa mpangilio wa kutoka, au nimalize kwanza vitabu tisa vya Fitz, halafu vya meli na vya majoka nivisome baadaye kwa nafasi yangu? Nini kinapotea katika kila njia? Naomba ushauri, ila msinifichulie yaliyo mbele.

Nahodha wa Vivacia

Mkuu, nenda kwenye meli. Na usiende kama mtu anayelipa deni ili arudi kwa Fitz haraka. Nenda ukiwa na lile swali ambalo Assassin's Quest imekuachia mkononi.

Umemwona Verity, ami yake Fitz, akimimina maisha yake ndani ya joka la jiwe: kumbukumbu, mapenzi yake kwa mkewe Kettricken, kila kitu, mpaka yeye mwenyewe akabaki ganda. Kabla ya hapo umeona wanakijiji waliotekwa na Red-Ship Raiders wakirudishwa wakiwa wamenyang'anywa utu wao, wanakula na kupigana tu. Mambo hayo mawili ni swali moja: mtu ni kumbukumbu zake, na kumbukumbu zinaweza kuondolewa na kuwekwa kwingine. Sasa ingia kwenye meli uone swali hilo hilo likiulizwa kwa mbao.

Meli hai imeundwa kwa mti wa pekee unaotoka Rain Wilds, na bei yake inaiacha familia katika deni la vizazi. Mpaka wana wa familia wa vizazi vitatu wafie juu ya sitaha yake, hiyo ni meli kama meli nyingine. Akifa wa tatu, sanamu iliyochongwa kwenye omo inafumbua macho na kusema. Inawakumbuka wote waliofia pale. Inawajua walio hai kuliko wao wanavyojijua.

Sasa haya ni ya mwanzo mwanzo, sifichui kitu: nahodha Ephron Vestrit anafariki, meli ya familia yake, Vivacia, anaamka, na siku hiyo hiyo binti yake Althea, aliyekulia baharini na baba yake, anakuta meli imewekwa mikononi mwa shemeji yake, Kyle. Na Kyle anataka ibebe watumwa. Chombo chenye hisia, kinachohifadhi kila kifo kinachotokea juu yake, kibebe watumwa ngamani! Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikazunguka chumba.

Fitz asingeweza kukusimulia hayo. Kwake Bingtown, mji wa hao wafanyabiashara wenye meli hai, ni jina la mahali panapotoka bidhaa.

Bi Kurasa

Mimi natofautiana na Nahodha, na nasema hivi nikiwa nimevisoma vyote 16.

Nilisoma tisa za Fitz mfululizo na sijajuta. Sababu ni sauti. Hakuna msimulizi ninayemjua anayejificha ukweli wake mwenyewe mbele ya msomaji kama Fitz. Anakuambia hana uchungu na mtu fulani, na katika sentensi hiyo hiyo unausikia uchungu. Kila sura inaanza na kipande cha ile historia ya Six Duchies, ufalme wao, anayojaribu kuiandika, na kila mara anaiacha historia anarudi kwenye maisha yake. Ukishaizoea sauti hiyo, kisha uingie kitabu chenye wasimulizi wengi katika nafsi ya tatu, mara yuko Althea, mara haramia, mara mama mzazi, mara nyoka wa baharini, unahisi kama umetolewa kwenye chumba cha mtu ukapelekwa sokoni.

Mleta mada amesema hajakaa sawa. Amfuate Fitz sasa hivi jeraha likiwa bichi. Meli hazitahama.

Nahodha wa Vivacia

Dada, hilo la sauti nalikubali kabisa. Lakini jambo moja unalijua na hulisemi: The Golden Fool, kitabu kinachofuata Fool's Errand. Kuna ujumbe unafika Buckkeep, ngome ya wafalme wa Six Duchies, kutoka Bingtown. Aliyesoma meli anajua wale ni nani, wametoka katika lipi, na anashika pumzi. Ambaye hajasoma anapewa majibu ya trilojia nzima ukumbini, kwa dakika chache, bila kujua kwamba yalikuwa maswali.

Bi Kurasa

Ni kweli. Na kuna jambo kuhusu mtu mmoja nililoambiwa pale wakati ningeweza kuligundua mwenyewe katika vitabu vya meli. Hilo peke yake ndilo linaniuma. Sikatai kwamba kuna gharama. Nasema tu nilipata kitu kwa gharama hiyo.

Kimya Kingi

Naomba niongeze hoja ambayo sijaiona ikitajwa, kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mimi.

Fool's Errand inaanza miaka 15 baadaye. Fitz ana miaka 35, anaishi kwenye kibanda mbali na kila mtu, yuko na mbwa mwitu wake Nighteyes ambaye amezeeka, na mvulana aliyemlea. Sehemu kubwa ya mwanzo haina mapigano wala hila. Watu wanakuja mlangoni, wanakaa, wanazungumza. Nimesoma wengi wakilalamika kwamba mwanzo huo ni wa polepole mno.

Mara ya kwanza niliisoma siku moja baada ya Assassin's Quest, nami nikachoka vile vile. Kwangu Fitz hakuwa amepotea popote, nilikuwa naye jana yake! Miaka baadaye nikarudia kwa mpangilio wa kutoka, nikapitisha miezi miwili katika meli. Nilipofungua Fool's Errand na kuisikia ile sauti tena, nilikuwa nimemkosa. Na yule mgeni alipofika kwenye kibanda, nilihisi kile Fitz alichohisi, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijamwona kwa muda. Kurasa zile zile, safari hii sikutaka ziishe.

Kwa hiyo zile riwaya tatu za meli, pamoja na uzuri wake, ndiyo miaka 15 ya msomaji. Ukiziruka, Fitz anazeeka na wewe umebaki pale pale. Wahenga wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa Fitz utarudi tu, lakini uwe umekwenda kwanza.

Msomaji wa Usiku

Kimya Kingi, hoja hii imenigusa sana. Ila nina hofu moja ya kweli. Nilimpenda Fitz kwa sababu nilikuwa ndani ya kichwa chake. Kwenye meli nitampenda nani?

Kamba na Tanga

Mleta mada, ngoja nikujibu mimi niliyeanza na Ship of Magic, kitabu cha kwanza cha meli, kabla hata ya kumjua Fitz. Nafsi ya kwanza ilikuwa hainikai, basi nikaingilia mlango huo. Inawezekana, hadithi ya meli inajitegemea kabisa na haikudai nijue chochote. Sikushauri wewe ufanye hivyo, umeshapita huko.

Utampenda nani? Mwanzoni, labda hakuna. Althea ni mkaidi. Wintrow, mvulana anayesomea ukuhani na kuburutwa melini na baba yake, atakukera kwa unyonge wake. Malta atakukera zaidi, msichana anayetaka gauni na kusifiwa na kuonekana mtu mzima basi. Nilikuwa naziruka kwa macho sura zake. Wengi tunakiri hivyo, kisha tunakiri la pili: kufikia The Mad Ship, kitabu cha pili, nilikuwa nikizitafuta. Hobb hamgeuzi Malta kuwa mtu mwingine. Ujanja ule ule, ulimi ule ule, ubishi ule ule uliokuudhi ndio unaomwokoa yeye na wenzake mambo yanapoharibika. Sijui mwandishi mwingine aliyenipatanisha na mhusika kwa njia hiyo, bila kumtubisha kwanza.

Halafu yupo Paragon. Meli kichaa iliyoburutwa pwani ikaachwa, macho ya sanamu yake yamekatwakatwa kwa shoka, imewahi kurudi bandarini bila mabaharia wake. Inalia usiku. Usome tu.

Nyuki Mweusi

Mkimtaja Paragon na msimtaje Kennit mtakuwa hamjatenda haki.

Mimi ndiye ninayeona vitabu vya meli ni bora kuliko vya Fitz vya kwanza, na sababu ni adui. Jiulizeni tunajua nini kuhusu Regal, adui wa Fitz. Ni mbinafsi, ana wivu, anapenda mavazi na mvinyo, ni katili. Alipata wapi ukatili huo? Tunapewa mama yake na tamaa yake ya kiti cha enzi, basi. Fitz anamchukia, na sisi tumefungwa ndani ya chuki ya Fitz.

Kennit ni haramia anayetaka kuwa mfalme wa maharamia, na tunasikia mawazo yake mwenyewe. Anaanza kukamata meli za watumwa na kuwaachia huru, kwa hesabu za madaraka tu, hana huruma nao hata kidogo. Lakini waliofunguliwa minyororo wako huru kweli. Wanampenda kweli. Anajengewa vijiji vya watu wenye shukrani huku moyoni akiwadharau. Je, wema uliotendwa kwa nia chafu ni wema? Hobb anakuweka kwenye swali hilo kwa zaidi ya kurasa elfu mbili na hakuruhusu utoke kirahisi. Kuna jambo analitenda katika Ship of Destiny ambalo sitamsamehe, na bado nikijua alikotoka nashindwa kufunga mlango.

Bi Kurasa

Nyuki, kwa Kennit nakuunga mkono. Kwa Regal hapana. Ule ufinyu ni wa makusudi. Fitz ni kijana, na kijana aliyeumizwa hamwoni anayemuumiza kama mtu kamili. Soma tena jinsi Fitz anavyomtaja baba yake Chivalry, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye: naye ni picha tu. Ukitaka Regal mwenye kina, unataka msimulizi mwingine na kitabu kingine.

Nyuki Mweusi

Hapo umenena. Lakini ndiyo hoja yangu pia: kitabu hicho kingine kipo, na mleta mada anafikiria kukiruka.

Msomaji wa Usiku

Na vile vinne vya Rain Wild? Nimesikia watu wakivisema vibaya.

Kamba na Tanga

Ni dhaifu kuliko vingine, ukweli usemwe. Dragon Keeper na Dragon Haven zilitakiwa kuwa kitabu kimoja chenye nguvu. Majoka yaliyozaliwa na kasoro yanasindikizwa na vijana waliokataliwa na jamii yao, wanapanda mto wenye maji yanayochoma ngozi kutafuta mji wa Kelsingra. Wazo zuri, ila mazungumzo ya mapenzi yanarudiwarudiwa. Kilichonishika ni vijibarua vya wafugaji wa njiwa kati ya sura na sura. Watu wawili ambao hawamo hata kwenye hadithi kuu, na niliwafuatilia kuliko majoka.

Nahodha wa Vivacia

Dhaifu ndiyo, usiviruke. Mimi niliviruka mara ya kwanza. Assassin's Fate inapita katika maeneo ya vitabu vyote vilivyotangulia, na nilikutana na watu ambao wenzangu waliwapokea kama ndugu, kwangu wakawa wageni. Kitabu cha mwisho cha safari ya miaka 22 na mimi nauliza huyu ni nani. Visome kwa kasi ukitaka, lakini visome kabla ya Fool's Assassin, kinachofungua mfululizo wa mwisho.

Kitu kingine kidogo: ukiona Soldier Son yenye jina la mwandishi huyo huyo, ujue ni ulimwengu mwingine, haihusiani na hii.

Msomaji wa Usiku

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Nilichukua njia ya meli. Kurasa mia za kwanza zilikuwa ngumu, sitaficha. Nilikuwa nageuza ukurasa nikitegemea kusikia "mimi". Kamba na Tanga alinionya kuhusu Wintrow na kweli alinikera. Kisha likaja lile la kidole chake, mnaojua mnajua, na nikarudi nyuma kusoma upya kila nilichomdhania. Nilikuwa nimeuita unyonge kitu ambacho sicho.

Jana nimemaliza Ship of Magic. Kuna yule fundi wa mbao mjini Bingtown, Amber, anayekaa na kuitazama Vivacia bandarini. Kila akitokea napunguza mwendo wa kusoma na sijui kwa nini. Msiniambie.

Bi Kurasa

Hatukwambii. Fungua The Mad Ship.