Revit: nafasi za maegesho zinaelea kwenye kiwanja chenye mteremko wa 8%

MchoraPlani

Wakuu, habari za kazi. Kiwanja kipo Mwanza, kinashuka mita 4.00 ndani ya mita 50, karibu sawasawa toka jengo lilipo juu hadi mwisho wa chini. Nahitaji safu tatu za maegesho zinazofuata kontua, kila safu ina nafasi pande zote mbili: 5.0 + njia ya magari 6.0 + 5.0, jumla mita 16. Kati ya safu na safu nimeacha mita 1 ya ukuta.

Natumia Revit 2025 (programu ya kuchora modeli za majengo). Nimetengeneza Toposolid, yaani modeli ya ardhi, nikapanga nafasi kwa Parking Component. Kwenye plani ziko safi. Nikikata seksheni naona kila nafasi imelala kama meza: mwisho wa juu umezama, wa chini unaelea. Nimejaribu Pick New Host (kubadilisha kitu kinachozibeba), wapi.

Nimeanza kufikiria ngazi: kila safu iwe na mteremko wa 4%, ncha mbili za kiwanja ziguse ardhi ya asili. 4% ya mita 16 ni 0.64, tatu mara 0.64 ni 1.92, zinabaki 2.08, kwa hiyo kuta mbili za mita 1.04 kila moja. Hesabu iko sawa? Na mistari ya rangi naichoraje ifuate mteremko?

Kontua36

Tuanze na kuelea. Famili (kitu kilichochorwa tayari cha kupanga kwenye modeli) ya Parking inachukua kimo cha ardhi pale pointi ya kuwekea ilipo, basi. Haiinami. Kwenye 8%, nafasi ya mita 5 iliyoshikwa katikati inakosea sentimita 20 kila mwisho, ndiyo hiyo unayoiona kwenye seksheni. Pick New Host inabadilisha tu inakaa juu ya nini, haiilazi.

Acha Toposolid iwe ardhi. Maegesho yenyewe yachore kwa Floor (sakafu), moja kwa kila safu, na mteremko uutoe kwa Slope Arrow (mshale wa mteremko). Usitumie Modify Sub Elements (kuvuta pointi za uso moja moja) hapa. Ukivuta pointi moja vibaya uso unakatika pembetatu, kila pembetatu inahesabiwa uso wake, na famili zako zitainama kila moja kivyake. Slope Arrow inakupa uso mmoja ulionyooka.

Kabla ya kuandika 4, fungua Project Units uone Slope imewekwa kwa nini. Ikiwa kwa digrii, 4 yako inakuwa mteremko wa 7%, na Revit haitalalamika hata kidogo.

Kisha fungua famili ya nafasi, weka tiki kwenye Work Plane-Based, toa tiki kwenye Always vertical, irudishe kwenye mradi. Tumia Set Work Plane, chagua Pick a Plane, gusa uso wa juu wa Floor, ndipo uweke nafasi ya kwanza na kuirudufu kwa Array. Zitalala juu ya sakafu, na kwa kuwa bado ni kategoria ya Parking, jedwali la kuhesabu nafasi linaendelea kufanya kazi.

Mistari iweke ndani ya famili hiyo hiyo: extrusion (umbo lililopewa unene) ya milimita 100 kwa 5000, unene milimita 3 hadi 5. Usiiweke sifuri, kwenye renda itameta-meta kwa sababu nyuso mbili zinagombea sehemu moja.

Msawazo

Hesabu ya kuta inafunga, ila kuna kitu hujakihesabu: gari linatokaje safu ya kwanza kwenda ya pili? Kwa mpango wako, toka katikati ya njia moja hadi katikati ya inayofuata ni mita 17, na kimo kinashuka 0.64 + 1.04 = 1.68. Ondoa 0.24 inayoshuka ndani ya upana wa njia zenyewe. Zinabaki 1.44 za kushuka ndani ya mita 11. Hiyo ni 13.1%, kwenye njia ambayo gari linaingia likiwa linakata kona. Mwinuko huo mimi nisingeupeleka kwa mteja.

Kosa ni kufunga ncha kwenye ardhi ya asili. Funga katikati ya kila njia badala yake. Ukichukua ukingo wa juu kuwa 104.00 na wa chini 100.00, njia tatu ziko mita 8, 25 na 42, na ardhi hapo ni 103.36, 102.00 na 100.64. Zungusha kila sakafu kwa 4% juu ya mstari huo:

Safu ya 1: juu 103.68, chini 103.04
Safu ya 2: juu 102.32, chini 101.68
Safu ya 3: juu 100.96, chini 100.32

Kuta zinashuka toka 1.04 hadi 0.72. Njia ya kuunganisha inatoka 103.24 hadi 102.12, yaani 1.12 ndani ya mita 11, ambayo ni 10.2%. Na kila safu unakata nusu ya juu na kujaza nusu ya chini, sentimita 32 pale penye kina kikubwa, kwa hiyo udongo unasogea mita chache tu badala ya kupanda lori. Ukingo wa juu kabisa na wa chini kabisa unabaki na tofauti ya sentimita 32 na ardhi, hapo kingo ya zege inatosha.

Kwenye modeli, Excavate ya 2025 itachimba Toposolid kufuata tumbo la Floor upande wa kukata. Upande wa kujaza utabaki na uwazi chini ya sakafu. Usiuache, seksheni itakuumbua.

Kontua36

@Msawazo uko sahihi, ncha hazina sababu ya kugusa ardhi. Nyongeza mbili.

Maji. Kila safu inainamia ukingo wa ukuta, kwa hiyo mvua yote ya safu ya 1 itaruka ukuta na kumwagikia bonneti za safu ya 2. Weka mfereji wenye mfuniko wa chuma kwenye ukingo wa chini wa kila safu, na uipe sakafu 1% kwa urefu kuelekea pembeni. Mteremko wa jumla unakuwa 4.12%, hakuna atakayeuhisi. Nyuma ya ukuta weka changarawe na vitundu vya kutolea maji. Ukuta wa sentimita 72 ni mfupi, ila udongo uliolowa hauangalii ufupi.

Nafasi za watu wenye ulemavu. 4% haifai. Kiwango cha ADA (sheria ya watu wenye ulemavu) cha Marekani cha 2010 kinataka usizidi 1:48, yaani 2.08%, pamoja na ile nafasi ya pembeni ya kushukia. Angalia mtego wa mshazari: 1.5% kwa urefu na 1.5% kwa upana zinazaa 2.12% kwa mshazari, tayari umevuka. Ziweke safu ya 1 karibu na jengo kwenye Floor yake ya 2% upande mmoja tu. Ndani ya mita 5 inashuka 0.10 badala ya 0.20, hiyo sentimita 10 iimalizie kwenye njia. Kipande hicho cha kuunganisha ndicho pekee pa kutumia Modify Sub Elements.

MchoraPlani

Nimeshika, asanteni sana. Project Units ilikuwa kwa digrii kweli! Swali dogo: kwenye hicho kipande kilichopinda kuna mishale ya rangi na mstari wa kivuko. Famili haitalala pale.

Msawazo

Pale tumia Railing, zana ya kuchora reli za kushikia. Tengeneza aina mpya: Top Rail ifute, nguzo zote ziwe None, bakiza reli moja yenye profaili ya 100 × 5 na kimo 0. Chora mstari, kisha Pick New Host uguse hiyo Floor, itafuata kila mkunjo. Mishale ichore kwa vipande vifupi vya aina hiyo hiyo. Usisahau kuiondoa kwenye jedwali la Railing, la sivyo mkadiriaji gharama atakuuliza hizo mita za chuma zinafungwa wapi.