MREJESHO: Punguzo la bei kwa tawi, bidhaa na mteja, nimeamua hivi

Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza nihifadhi vipi asilimia ya punguzo inayobadilika kwa tawi, bidhaa na aina ya mteja, na isipowekwa programu ichukue difolti (punguzo la kawaida).

Njia ya dikshenari (orodha ya ufunguo na thamani yake) ndani ya dikshenari nimeiacha, maana punguzo la wateja wa jumla matawi yote inabidi ulirudie kila tawi, wakifungua tawi jipya unaanza kukopi tena. Nimechukua ya mdau aliyesema dikshenari moja tu ya Python, ufunguo ni tapo (tuple, thamani zilizofungwa pamoja) ya nafasi 3, yaani tawi, bidhaa na mteja, na None maana yake "yoyote", mfano 'Arusha', None, 'jumla' inabeba asilimia 7. Programu inatafuta iliyo kamili kwanza halafu inalegeza mpaka None zote tatu, michanganyiko 8 tu, spidi wala sio ishu.

Kilichonisumbua ni nani ashinde, kuna punguzo la Arusha kwa jumla na lingine la unga kwa jumla, yote yamejaza nafasi mbili, hapo kompyuta haikuamulii. Bosi kasema tawi kwanza, basi nimeandika mpangilio wa zile 8 mmoja mmoja kwenye kodi.

Angalizo, msitumie or kurukia difolti, maana or inaihesabu 0 kama si kweli, punguzo la 0 litarukwa kama halipo, tumia in kuangalia kama ufunguo upo. Na mkihamishia kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, UNIQUE (sharti la kuzuia kujirudia) ya kawaida inaacha NULL (nafasi tupu, ndiyo None ya huku) zijirudie, unaweza kukuta difolti mbili, toleo la 15 kwenda juu weka NULLS NOT DISTINCT. Asanteni sana wadau.